Bangili ya Bwana Tull

Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mashine ya Kituo cha Nne iliandika kwamba Garrick Tull amekufa kwenye tuta la mto Ohio. Tull hakuwa amekufa. Alikuwa mezani nyumbani kwake, na mkewe alikuwa anampakia jamu kwenye mkate wakati salamu za rambirambi za serikali ya jiji zilipoingia kwenye simu. Aliyekufa ni Alimasi Byaombe, kijana wa miaka ishirini na saba, mkimbizi wa Fizi, kule ziwani, ambaye kwa hesabu ya mashine siku hiyo hakufika kazini kabisa.

Bangili ya Tull ilikuwa kwenye mkono wa Alimasi. Aliyeifundisha bangili hiyo kuukubali mkono ule ni Wilondja Asukulu, fundi wa bangili wa kituo hichohicho, mtu wa miaka hamsini na tatu aliyeacha shule darasa la tano na kujifunza kila kitu kwa kukifungua na kukifunga tena.

King'ora kilipolia, Wilondja aliweka bisibisi mezani, akateremka kwenda tutani. Hakukimbia. Alikuwa ameshaona jina kwenye skrini, na alijua jina lile liko kwenye mkono wa nani.

Joto la Agosti lilikuwa limekaa juu ya Louisville kama kifuniko cha sufuria. Watu wa zamu iliyoanza saa moja walikuwa wamesimama duara, majembe mkononi: mwalimu wa sekondari, wakili mmoja mwenye mafuta ya jua puani, mama mwenye kucha za rangi, vijana wawili wa duka la matairi. Tutani kila mtu alikuwa na siku zake. Alimasi alikuwa amelala chali kati ya marundo mawili ya mifuko ya mchanga. Mtu alikuwa amemfunika uso kwa kizibao chake mwenyewe cha kung'aa.

Msimamizi wa kituo, Odessa Crouse, alikuwa amepiga goti moja kando yake. Ukoo wake ulikuwa Louisville kwa vizazi vitano, na magoti yake yalikuwa mabovu, kwa hiyo kumwona amepiga goti halikuwa jambo dogo.

"Willie," alisema. Hakuwahi kuliweza jina la Wilondja, na Wilondja alishachoka kumsahihisha. "Mashine inaniambia huyu ni mzungu wa miaka sitini na moja."

"Naona."

"Unaona nini?"

"Naona si mzungu."

"Usinifanyie mzaha leo. Unamjua?"

Alimasi alikuwa anamwita Wilondja mjomba. Harusi yake, ni Wilondja aliyesimama upande wa wazazi, kwa sababu wazazi walibaki kule ziwani. Wilondja alitazama viatu vya marehemu, kimoja kamba imefungwa kwa waya, na akasema, "Simjui."

 Crouse akanyoosha mkono ainuliwe, na Wilondja akamwinua.

"Saa kumi jioni mashine inafunga kifo," Crouse alisema. "Ikishafunga, jina halitoki bila mahakama. Kama bangili ni mbovu, niambie. Kama si mbovu, niambie pia."

*

Miaka tisa kabla ya hapo mto ulikuwa umemeza mitaa mitatu ya jiji kwa wiki moja. Tuta lilikuwa la zamani, na hazina ya kulijenga upya ilikuwa tupu, kwa sababu hela za wenye hela zilishahamia kwenye visiwa ambavyo hata wenyewe hawajavikanyaga. Watu walichoka. Wakasema hela hukimbia, mwili haukimbii. Ikapitishwa Sheria ya Siku Sawa: kila mtu mwenye miaka kumi na minane hadi sitini na mitano alipe kodi ya mwili wake, siku arobaini kila mwaka, tajiri na maskini sawasawa. Hakuna kulipia kwa hela. Bangili inasoma mapigo ya moyo, chumvi ya jasho na mwangwi wa mfupa, inajua mwenyewe ni nani. Na ili mtu asijiue kwa kazi, bangili haimruhusu mtu kufanya zaidi ya siku tano kwa mwezi. Anayekwepa, siku zake zinaongezwa mara mbili. Anayefia tutani, nyumba yake imelipa. Haidaiwi siku tena.

Mwaka wa kwanza wagonjwa walisamehewa. Kufika mwaka wa pili nusu ya matajiri wa Kentucky walikuwa na vyeti vya ugonjwa wa mgongo. Msamaha ukafutwa kwa wote.

Mmunga Lubunga, rafiki yake Wilondja tangu kambi ya wakimbizi Tanzania, alikuwa na figo zilizokufa. Siku tatu kila wiki alilazwa kwenye kiti, damu yake ikitoka, inasafishwa, inarudi. Siku zilizobaki hakuwa na nguvu ya kubeba hata sufuria. Mashine ilimwandikia siku arobaini kama kila mtu.

Hapo ndipo watu wa Fizi walipofanya walichokijua. Kwao, shamba la mgonjwa hulimwa na wenzake kwa zamu, wanaita likelemba. Wilondja aligundua kwamba bangili mpya hujifunza mwenye nayo ni nani kwa usiku saba, na kwamba watu wawili au watatu wakiivaa kwa kupokezana usiku ule saba, yenyewe inadhani ni mtu mmoja. Hakuiba kitu. Aliifundisha bangili ya Mmunga mikono mingine miwili, kisha wenzake wakagawana siku zake. Baada ya Mmunga akaja mama mwenye selimundu, kisha mzee mwenye mapafu. Katika miaka mitatu walifika wagonjwa kumi na mmoja.

Na kwa kuwa likelemba haina maana bila daftari, waliweka daftari. Na kwa kuwa daftari halina maana bila kusomwa, Mmunga alilisoma kanisani kila Jumapili baada ya matangazo: fulani, siku mbili, kwa ajili ya fulani. Watu wanapiga makofi. Hakuna aliyeona kosa. Kitu kizuri kinafanywaje kimya?

Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja, mama mwenye selimundu alisimama kutoa shukrani. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mchungaji, kisha akamshukuru ndugu Wilondja kwa jina, "kwa sababu alifundisha bangili yangu kuvaliwa na shemeji." Kiti cha nyuma alikuwa amekaa mgeni, mzungu mmoja, amekaribishwa kwa wimbo na kupewa soda. Sikioni alikuwa na kifaa cha mkalimani.

*

Mgeni yule, Corwin Pell, msaidizi wa Garrick Tull, aliingia kwenye karakana ya Wilondja saa tano kasorobo. Hakubisha hodi. Hajawahi kubisha tangu siku ile ya Novemba alipokuja na bangili ya Tull mkononi na kusema, kwa upole, kwamba ana sikio zuri na kumbukumbu nzuri. Wilondja aliifundisha moja tu, kwa mkono wa Alimasi, kibarua wa maghala ya Tull, aliyeahidiwa hela kwa kila siku. Pell alitazama namna inavyofanywa, akashukuru, na hakuhitaji tena kumwomba nyingine.

"Pole kwa msiba," Pell alisema.

"Msiba gani? Aliyekufa ni bosi wako."

"Bosi wangu anacheka. Mkewe hacheki." Pell alivuta stuli akakaa. "Sikiliza, Bwana Asukulu. Bangili ilikuwa mbovu. Wewe ni fundi, unaandika mstari mmoja. Bwana Tull alikuja tutani, akaona kizunguzungu, akaenda nyumbani. Kijana hakuwahi kuwa hapa. Alianguka ghalani kwetu, kwenye sakafu ya maghala ya Tull. Gari letu liko nje kumchukua."

"Watu ishirini wamemwona."

"Watu ishirini wamemwona mtu mwenye kizibao usoni."

 Simu ya Wilondja ilikuwa inatetemeka mezani, jina la Riziki likiwaka na kuzima. Riziki alikuwa mke wa Alimasi.

"Mkewe hatalala njaa," Pell alisema, akiitazama simu naye. "Alimasi alikuwa anatafuta gari la barafu, si ndiyo? La kuuzia samaki Lexington. Aliniambia mara ishirini. Lipo. Litakuwa mlangoni kwake Ijumaa, jina lake kwenye karatasi."

"Na siku zake? Alimasi amebakiza siku ishirini na mbili za mwaka huu. Akifia ghalani, zinamwangukia mkewe, juu ya arobaini zake mwenyewe. Ana mtoto wa miezi mitano."

"Atapata mtu wa kumsaidia. Ninyi watu mnasaidiana, nimeona." Pell alisimama. "Ukisema vinginevyo, watafungua kila bangili katika jimbo hili. Wataanza na zenu. Sikutishi. Nakuhesabia tu."

Alipotoka, Wilondja alipokea simu.

"Mjomba, nasikia kuna mtu kaanguka tutani," Riziki alisema. Nyuma yake mtoto alikuwa analia. "Alimasi hashiki simu. Aliniambia leo yuko ghalani, lakini mimi simwamini, siku hizi ananidanganya. Wiki mbili hajala vizuri. Uko naye?"

"Niko hapa kazini."

"Nimekuuliza uko naye?"

"Nitakuja, mwanangu," Wilondja alisema. "Nitakuja mwenyewe nyumbani." Akasikia kule upande wa pili mwanamke anaacha kupumua, kisha anaweka simu chini polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Alikaa. Halafu akafanya kitu ambacho angekifanya mapema kama angekuwa na ujasiri. Alifungua mashine, akapanga kumbukumbu za bangili tatu kwa tarehe: ya Alimasi, ya Mmunga, ya Tull. Mwezi ule wa Agosti Alimasi alikuwa amefanya siku tano zake. Kisha siku tano za Mmunga. Kisha nne za Tull. Siku kumi na nne mfululizo, bila kuruka hata moja, na asubuhi ile ilikuwa ya kumi na tano. Mashine ilikuwa imeona watu watatu waliopumzika vizuri. Moyo ulikuwa mmoja.

Jumapili mbili kiti cha Alimasi kanisani kilikuwa kitupu. Jumapili zote mbili Mmunga alilisoma jina lake kwenye daftari, na wao wote, Wilondja akiwemo, walipiga makofi.

*

Mmunga alikuwa kwenye kiti chake cha kliniki, blanketi hadi kifuani ingawa nje watu walikuwa wanayeyuka. Mirija miwili myekundu ilitoka mkononi mwake. Mfuko wake wa kitambaa ulikuwa miguuni, kona ya daftari ikichungulia.

"Umekuja na sura ya polisi," alisema. "Kaa. Nani kafa?"

Wilondja alimwambia. Alimwambia yote, na bangili ya Tull pia, ambayo hakuwahi kumwambia. Mmunga alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Ulimfundishia tajiri?"

"Alisema atatusema."

"Tangu mwezi wa kumi na moja. Na sisi tunakuombea kila Jumapili."

"Mmunga, mimi nimechoka. Nitukane kesho. Leo niambie nifanye nini."

Mashine ilinguruma kati yao. Nesi alipita, akagusa kitufe, akaenda.

"Sisi tulikuwa tunapokezana," Mmunga alisema. "Yule alikuwa ananunua. Si kitu kimoja."

"Alimasi alikuwa anatofautisha? Mgongo wake ulikuwa unajua huu mfuko ni wa Mmunga, huu wa Tull?"

"Usiseme mimi nimemuua."

"Nasema sote tulihesabu siku, hakuna aliyemhesabu yeye."

Mmunga alifungua macho. Yalikuwa ya manjano, na yalikuwa na hasira. "Basi nisikilize vizuri, Asukulu. Ukiniuliza mimi, nitakwambia nyamaza. Nitakwambia mpe Riziki gari la barafu, tumsaidie siku zake kwa zamu, na mimi niishi. Mimi nataka kuishi. Nina mke, na nimeshaizoea hii mashine mbaya. Kwa hiyo usiniulize. Umenielewa? Usije hapa kuniuliza halafu uende ukasema Mmunga alikubali."

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Bado umekaa."

Wilondja alisimama. Hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Mfuko wangu uko hapo chini," Mmunga alisema, akiwa ameugeuzia uso ukuta. "Mimi nimelala. Kilichomo sijampa mtu. Kama mtu kakichukua, kakichukua yeye."

*

Saa tisa na nusu Wilondja alikuwa ofisini kwa Crouse. Feni ilikuwa inageuza hewa ileile. Crouse alikuwa amevua viatu, miguu juu ya boksi la mifuko mitupu, na mbele yake skrini ilionyesha jina la Tull na saa ikirudi nyuma: dakika thelathini, ishirini na tisa.

"Gari la Tull limekuja kumchukua marehemu," alisema. "Nimewaambia wasubiri, karatasi haijatoka. Dereva kanipa mkono na noti ndani yake. Ishirini. Ingekuwa mia nisingeudhika sana."

Wilondja aliweka daftari mezani. Lilikuwa daftari la shule, la mistari, jalada lake lina picha ya farasi.

"Anaitwa Alimasi Byaombe," alisema. "Namjua. Asubuhi nilikudanganya."

"Nilijua unanidanganya. Ulikuwa unamtazama viatu." Hakuligusa daftari. "Hiki nini?"

Wilondja alimweleza. Alieleza taratibu, kama anavyoeleza ubovu wa mashine: kwanza kilichovunjika, kisha aliyekivunja. Alijitaja mwenyewe bila kupunguza. Alipofika kwenye wagonjwa kumi na mmoja, Crouse alishusha miguu chini.

"Miaka mitatu," alisema.

"Miaka mitatu."

"Mama yangu alikuwa na miguu ya sukari, Willie. Vidonda hadi hapa. Msamaha ulipofutwa, alikaa pale chini siku arobaini na sindano, akishona mifuko. Mimi ndiye niliyemwandika jina kila asubuhi. Mimi, mwanawe. Nilisema sheria ni ya wote, nikimsamehe mama yangu hakuna kitakachobaki hapa. Hakuna mtu aliyemvalia bangili."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia, ungefanya nini?"

"Ningemfanyia."

"Najua ungemfanyia," Crouse alisema. "Ndiyo maana nataka kukutupia hiki kiti."

 Skrini ilihesabu. Nje, zamu ya mchana ilikuwa inarusha mifuko mkono kwa mkono, na sauti zilifika hadi dirishani: haya, shika, haya, shika.

"Sikiliza vizuri," Crouse alisema hatimaye. "Naweza kuandika jina la kijana bila hili daftari. Nitasema bangili zilichanganywa kwa makosa. Mkewe atapata haki yake, na wagonjwa wenu watabaki."

Wilondja alikuwa ameshalifikiria hilo njiani, na alitamani lingekuwa kweli.

"Mashine itauliza kwa nini moyo wa Alimasi umeandikwa siku thelathini na sita mwaka huu kwa jina la Tull," alisema. "Mawakili wa Tull watasema Alimasi ni mwizi, aliiba bangili. Aliyeiba akifia tutani, nyumba yake haijalipa. Anayeweza kusema hakuiba ni mimi tu, kwa sababu nilimvalisha mimi. Na nikisema nilivyomvalisha, wataniuliza nilianza na bangili ya nani."

"Ya nani?"

Wilondja alilisukuma daftari hadi upande wake wa meza.

"Nikilifungua siwezi kulifunga," Crouse alisema. "Siwezi kusoma ukurasa wa Tull na kuruka wa wenzako. Si kwamba sitaki. Siwezi."

"Fungua, mama," Wilondja alisema.

Crouse alivaa miwani. Alilamba kidole, akafungua ukurasa wa kwanza, ambapo kwa mwandiko wa kulala wa Mmunga iliandikwa tarehe, na chini yake: Tumeanza, Mungu atusaidie. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na moja.

Jioni Wilondja alienda kwa Riziki kwa miguu, kama alivyoahidi. Mlango ulikuwa wazi. 

*

Mashine zilikuta bangili mia mbili na sita zenye zaidi ya moyo mmoja katika jimbo la Kentucky. Kumi na moja zilikuwa za likelemba.

Garrick Tull alipewa siku arobaini. Mawakili wake walileta barua ya daktari, ikakataliwa, wakaleta ya pili kuhusu jua. Alizifanya kwenye hema lenye feni, akibandika namba kwenye mifuko, na alimaliza kwa wakati. Corwin Pell hakupewa siku hata moja, kwa kuwa jina lake halikuwa kwenye bangili yoyote.

Wagonjwa kumi na mmoja waliambiwa walipe upya miaka mitatu, hata waliojiunga mwisho, siku mia moja na ishirini kila mmoja, juu ya arobaini za mwaka. Crouse aliandika ombi wasamehewe. Baraza la jimbo lilipiga kura: tisa walikataa, sita walikubali. Wanne kati ya wagonjwa wanalipa bado. Watatu walihamia majimbo mengine usiku mmoja, na hakuna aliyesikia habari zao. Watatu wamelazwa.

Mmunga Lubunga alifanya siku kumi na tisa kwa miezi minne, akiwa amekaa na sindano, mahali palepale alipokaa mama yake Crouse. Alifia kitandani kwake, siku ya Alhamisi, si tutani, kwa hiyo nyumba yake haikuhesabiwa kuwa imelipa. Siku mia moja arobaini na moja zilimwangukia mkewe. Mkewe hamsalimii Wilondja.

Wilondja Asukulu alinyang'anywa karakana. Alipewa siku sitini kila mwaka mpaka afike miaka sitini na mitano. Jumla ni mia saba na ishirini. Mpaka sasa amefanya tisini na nne.

Riziki Byaombe: siku sifuri, maisha yake yote. Gari la barafu halikuja.

Alimasi Byaombe aliandikwa upya kwa jina lake, kwa mwaka ule mmoja, Januari hadi Agosti. Zake mwenyewe, siku kumi na nane. Za wagonjwa, ishirini na nne. Za Tull, thelathini na sita. Jumla siku sabini na nane, na saa mbili na dakika kumi.